Nailoni juu ya ndizi: sheria imeishia mlangoni mwa jiko

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambako ndizi zilizopikwa pamoja na maharage ndizo mlo wa kila siku na ambako migomba huanzia nyuma tu ya nyumba, sufuria ilifunikwa tangu zamani kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni hadi yakalainika, yakapangwa tabaka kwa tabaka ili mvuke usipotee. Hivi sasa, hasa katika vibanda vya mama lishe na katika sherehe zenye masufuria makubwa, nafasi ya majani hayo inazidi kuchukuliwa na mfuko wa nailoni, desturi iliyoenea sehemu nyingi za Tanzania na ng'ambo ya mto Kagera nchini Uganda, na ambayo haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya afya ya jamii.

Wanaoitetea desturi hiyo wanaweza kusema kwamba hata wapishi mashuhuri wa Ulaya hupika ndani ya plastiki, na katika hilo hawakosei. Mwaka 1974, katika mji wa Roanne nchini Ufaransa, mpishi Georges Pralus aligundua kwamba ini la bata bukini likifungwa ndani ya plastiki na kupikwa kwa moto mdogo hupoteza mafuta kidogo sana, na kutokana na kazi hiyo ikakua mbinu iitwayo suvidi, ambayo leo hutumika hata majumbani kwa msaada wa kifaa kidogo cha umeme. Katika mbinu hiyo chakula hutiwa mfukoni, hewa hunyonywa, mfuko hufungwa kabisa na kuzamishwa katika maji yanayodumishwa kwenye joto moja, mara nyingi kati ya nyuzi joto 55 na 85 za Selsiasi, kwa muda unaoweza kuwa saa moja au hata siku nzima. Hata hivyo mfuko huo umetengenezwa kwa ajili ya chakula, joto lake linapimwa muda wote, na anayepika anatakiwa kujua kwamba chakula kisicho na hewa, kikikaa katika uvuguvugu kwa saa nyingi, kinaweza kuotesha bakteria wa sumu kali ya botulini. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalotimizwa na mfuko uliobebea sukari au sabuni jana, ukasuuzwa, na leo ukafunikia ndizi.

Mifuko ambayo watu huiita nailoni kwa kawaida hutengenezwa kwa polietilini, aina ya plastiki ambayo ile laini yake huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 110. Kwa kuwa Karagwe ni nchi ya juu, sehemu zake nyingi zikiwa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka huko kwenye nyuzi zipatazo 95 tu, na kwa hiyo mvuke peke yake hauwezi kuuyeyusha mfuko. Jambo hili ndilo linalowatuliza wapishi, kwa sababu mfuko huingia mzima na kutoka mzima, na jicho halioni kilichoharibika. Lakini kemikali hazingoji plastiki iyeyuke ndipo zihame: rangi, wino wa maandishi, viungio vinavyotiwa kiwandani na mabaki ya matumizi ya awali huhamia kwenye chakula kadiri joto linavyopanda, muda unavyorefuka na mafuta yanavyozidi, na mifuko myeusi, ambayo mara nyingi hutokana na plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, ndiyo inayostahili kuogopwa kuliko yote. Zaidi ya hayo, ukingo wa sufuria inayolambwa na ndimi za moto wa kuni huwa na joto kubwa kuliko maji yaliyomo, na maji yakikauka kidogo tu, mfuko unaogusa ukingo huo hunata na kuacha sehemu yake hapo.

Haifai, pamoja na hayo, kuwatisha wananchi kwa kuwaambia kwamba kila aliyekula ndizi hizo atapata saratani, kwa kuwa madhara ya kiasi kidogo cha kemikali hizi bado yanachunguzwa na hutegemea aina ya plastiki na wingi wa matumizi. Nchi zenye maabara kubwa zimechagua tahadhari: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 10 za vitu vinavyoweza kuhama kutoka kila desimeta moja ya mraba ya plastiki inayogusa chakula, na mwaka 2011 ulipiga marufuku chupa za watoto zenye bisfenoli A, kemikali inayoweza kuvuruga homoni za mwili. Mtoto wa Nkwenda wilayani Kyerwa anayenyweshwa uji wa moto katika kikombe cha plastiki kisichojulikana asili yake anastahili tahadhari ileile.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, miaka 11 baada ya jirani Rwanda, na hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini kanuni zake zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zikauangalia mfuko kama taka inayoziba mitaro na kuua mifugo, wala si kama chombo cha kupikia, na vifungashio vya viwandani na vya usindikaji wa chakula vikaachwa viendelee. Mwaka huohuo wa 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania, ambalo hupima bidhaa kabla hazijafika sokoni, ilhali kosa linalozungumzwa hapa hutendeka baada ya bidhaa kununuliwa, juu ya mafiga. Wanaoweza kulifikia ni maafisa afya wa halmashauri mbili za Karagwe na Kyerwa, ambao tayari hukagua vibanda vya chakula, usafi wa maji na afya za wapishi, na ambao wangeweza kuanza kufunua sufuria pia.

Mama lishe hapaswi kutozwa faini kabla ya kuonyeshwa njia. Yeye hutumia nailoni kwa sababu inabana mvuke na kupunguza kuni, kwa sababu kifuniko chake kimepinda, na kwa sababu mjini majani hununuliwa. Kifuniko kinachokaa sawasawa, kikiwekewa jiwe juu, humaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kuhusu majani lipo jambo zito zaidi, nalo ni mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ambao tangu miaka ya 2000 umewagharimu wakulima wa Kagera mashamba mengi na ambao husambazwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Biashara ya majani ikirudi bila uangalifu inaweza kuubeba ugonjwa huo kutoka kijiji hadi kijiji, na kwa sababu hiyo maafisa ugani wanapaswa kushirikishwa tangu mwanzo, ili majani yatoke katika mashamba yasiyo na ugonjwa tu, na panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa Jik kila linapohama kutoka shina moja kwenda jingine.