Klabu Yetu na Milima ya Rwenzori

Kila mwaka, Siku ya Wazazi, wanafunzi wanne wa klabu yetu ya kupanda milima huitwa mbele ya watu wapigiwe makofi, kisha majina yao huandikwa kwa rangi nyeupe katika ubao ulio ukutani mwa maktaba. Hao ndio waliofika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5,109 juu ya bahari. Jina langu limo katika ubao huo. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanitilia kinywani maneno ya sungura, kwamba sizitaki mbichi hizi. Nilizipata, nikazila, na bado nasema kwamba klabu yetu inakosea.

Kosa letu ni kudhani kwamba mlima ni kilele chake. Fedha ambazo wanafunzi wa zamani hutuchangia kwa ukarimu hutumika karibu zote kuwafikisha watu wanne juu. Wengine wote husoma habari za Rwenzori katika kitabu cha jiografia, ingawa siku isiyo na mawingu twaiona milima yenyewe kutoka uwanja wa mpira.

Niwaeleze basi nilichokiona huko juu. Tuliondoka kibanda cha Elena, mita 4,541, saa tisa za usiku, taa vichwani, kamba viunoni, na meno ya chuma tumeyafunga chini ya viatu. Tulipanda barafu, tukapanda mwamba, nami nilitapika mara mbili. Tulipofika palikuwa na kibao, na ukungu mweupe pande zote. Kongo iko upande wa pili wa kilele kile, lakini kwa macho yangu pangeweza kuwa bahari. Tulikaa dakika kumi, tukapiga picha, tukashuka. Kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo aliyekwisha kupanda mara nyingi asizozihesabu, hakutaka tukawie, naye alikuwa na haki.

Sasa sikieni habari za mwenzetu wa tano. Yeye alishikwa na kichwa tulipofika ziwa Bujuku, kiongozi akamkataza kuendelea, akabaki kibandani pamoja na mpagazi mmoja. Sote tulimhurumia. Kichwa kilimwacha jioni ile ile. Asubuhi yake, wakati sisi tunahangaika mawinguni kuelekea Elena, mawingu ya bondeni yalifunguka kwa muda wa saa nzima. Akaiona Stanley upande wa magharibi, Speke kaskazini na Baker kusini, milima yote mitatu kwa mara moja, na vivuli vyake vimelala majini. Tuliporudi tulimkuta amechora picha kwa penseli. Mpagazi alikuwa amemfundisha majina ya mimea kwa Lukonzo, na amemwonyesha pimbi wakiota jua mawemawe. Nilimwonea wivu, mimi niliyefika. Jina lake halimo ubaoni.

Wako watakaosema kwamba hiyo ilikuwa bahati ya hali ya hewa. Yamkini. Lakini nadhani umbo la milima yenyewe lina neno hapa. Kilimanjaro ni volkano, na mtu akisimama juu yake nchi yote iko chini ya miguu yake. Rwenzori si volkano. Ni kipande kikubwa cha ardhi kilichosukumwa juu na nguvu za chini, kirefu zaidi ya kilomita mia, na juu yake mna milima sita yenye theluji au iliyokuwa na theluji: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kati yake barafu ya zamani ilichimba mabonde, na mabonde yakashika maji. Ndiyo maana mahali pa kuionea Rwenzori ni kandokando ya maziwa, Bujuku na Kitandara, au katika vipito vya juu kama Scott Elliot, mita 4,372, na Freshfield, ambako siku njema waweza kutazama hata ndani ya Kongo. Mtu aliye juu ya Stanley haioni Stanley.

Tena milima hii haina desturi ya kujionyesha kwa mwenye haraka. Henry Stanley alipita karibu nayo mwaka 1876 asitambue kwamba ina theluji. Alikuja kuiona mwaka 1888.

Jambo jingine nililoligundua nikiwa na ramani mezani ni la majina. Vilele karibu vyote vina majina ya wageni. Margherita ni malkia wa Italia, na jina hilo lililetwa na Luigi wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, aliyepanda mwaka 1906. Baker ni Samuel Baker, ambaye hakuukanyaga mlima ule hata siku moja, na Speke hali kadhalika. Lakini shuka bondeni usome tena: Mubuku, Bujuku, Kitandara, Mahoma, Nyabitaba. Hayo ni majina ya wenyeji. Wakonzo walikuwa wakiwinda na kupita huko tangu zamani, na mahali walipopita walipapa jina. Juu kwenye theluji waliamini kuwa ni makao ya Kitasamba, na makao ya mungu si mahali pa kwenda kupiga picha. Hata msafara wa mwaka 1906 ulipandishiwa mizigo yake na Wakonzo. Mwanafunzi anayetoka hapa mbio hadi kileleni na kurudi amekwenda kuitazama ramani ya wageni, na ile ya wenyeji ameiruka kama matope.

Na matope nayo nitayasema, kwa sababu mwanafunzi mmoja wa zamani aliandika katika toleo lililopita kwamba kilele hufundisha ushupavu. Bwana huyo namheshimu, na sikatai neno lake. Ila namwuliza kama amesahau Bigo. Pale siku hizi pamewekwa daraja refu la mbao, lakini mahali ambapo mbao hazikufika mtu huruka kutoka kichaka cha nyasi hadi kichaka kingine, na akikosea huzama hadi mapajani, buti la mpira likabaki chini naye akatoka na soksi. Mvua hunyesha. Miti imeota ndevu za kijivu, lobelia zimesimama ndefu kuliko mtu, na huoni njia inakokwenda. Anayetaka ushupavu ataupata huko wa kutosha, bila ya kamba.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya barafu. Husemwa kwamba inakwisha, basi twende juu upesi. Ni kweli inakwisha. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa yapata kilomita za mraba 6.5, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imepungua chini ya kilomita moja ya mraba. Tangu hapo imezidi kupungua. Mimi mwenyewe nilipita juu ya mwamba mtupu mahali ambapo kiongozi wetu alisema alipokuwa kijana alikata ngazi za barafu kwa shoka. Lakini kama kitu kinaondoka, je, ni busara kuwapeleka mashahidi wanne, au wengi? Na barafu iliyobaki hujulikana vizuri zaidi na mtu aliyeona ile ya kale ilivyokuwa. Ziwa Mahoma liko chini sana, karibu mita 3,000, nalo limezungukwa na matuta makubwa ya mawe na udongo. Matuta hayo yalisukumwa na barafu iliyoteremka kutoka juu hadi pale, ikayeyuka zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Ukisimama kando ya maji yale meusi, katikati ya miti yenye ndevu, ukakumbuka kwamba barafu ilifika hapo, ndipo utakapofahamu kilichobaki huko juu ni kidogo namna gani. Kitabuni nilisoma habari hiyo mara tatu isiniingie.

Basi shauri langu ni hili. Safari ya Mahoma huanzia Nyakalengija kama ile nyingine, huchukua siku tatu, haihitaji meno ya chuma, na kimo chake hakimuumizi mtu mwenye afya. Nimepiga hesabu pamoja na mwalimu wa klabu: kwa fedha zinazowafikisha wanne Margherita tunaweza kuwapeleka kumi na wanne Mahoma, pamoja na viongozi na wapagazi kulipwa haki yao bila ya kupunguziwa senti. Kila mwaka wa tatu waende wanne juu, kwa maana sitaki kuwanyima wenye hamu hiyo. Nao waende kwa njia ndefu, walale Bujuku na Kitandara siku mbili mbili, wala wasihesabiwe wameshindwa wakiishia huko.

Mkutano wa wanafunzi wa zamani utakuwa Jumamosi ya mwisho ya muhula huu, na nimepewa ruhusa ya kuisoma hesabu hiyo mbele yao. Nitaomba pia jina moja liongezwe katika ubao wa maktaba. Picha ya penseli ya ziwa Bujuku nimempa Mhariri, na kama ana nafasi mtaiona katika ukurasa unaofuata. Mlima wa kushoto ni Baker. Doa lililo chini ni tone la mvua.