Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ardhi: Shamba Ambalo Ndiyo Nyumba

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Maliasili,
Lusaka.

Nakuandikia kutoka Kashikishi, Nchelenge, kwa ajili ya watu wanaotafuta shamba ili wahamie humo. Ni mwalimu anayekaribia kustaafu, mvuvi aliyechoshwa na ziwa, mama muuza samaki wadogo wa chisense ambaye uvuvi ukifungwa, Desemba hadi Februari, huishi kwa jembe. Kwao mihogo na nyumba iliyo katikati yake ni mali moja.

Kwenye ardhi ya mila, kwa ridhaa ya chifu, mtu hujenga na kulima bila kulipa pango la ardhi. Hiyo ndiyo nafuu kubwa tuliyo nayo, na haikutoka kwenye bajeti yoyote. Ila ukienda benki bila hati utarudi mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya 1995 inaruhusu ardhi hiyo kugeuzwa ya hati, kwa kawaida ya miaka 99. Hati ikitoka, pango la kila mwaka linaanza, na sheria haikuweka njia ya kurudi kwenye mila. Ukishindwa kulipa, unaweza kupewa notisi ya miezi mitatu, kisha Serikali ikaitwaa ardhi pamoja na nyumba iliyo juu yake.

Tunaambiwa mkulima amependelewa, maana kodi ya mapato ya kilimo ni asilimia 10 wakati kampuni nyingi hutozwa 30. Ni kweli, kwa mwenye vitabu vya hesabu. Anayekula nusu ya mihogo yake na kuuza iliyobaki kwa wachuuzi wanaovuka kutoka Kongo, punguzo hilo analisikia redioni tu. Akija kuuza shamba lenye hati, anakutana na kodi ya uhamisho wa mali, iliyopanda mwaka 2025 kutoka asilimia 5 hadi 8. Kodi hiyo hukatwa kwenye thamani ya ardhi. Hata aliyeuza kwa hasara hulipa.

Kenya wanatoza faida ya mauzo, na shamba lisilofika ekari 50 lililo nje ya miji limesamehewa. Ushuru wa stempu nao ni asilimia 2 vijijini, 4 mijini. Sisemi tuige kila kitu, lakini wao angalau wameona kwamba shamba dogo si kiwanja cha Nairobi.

Naomba basi ekari chache za kwanza, ambazo mwenyewe analala na kulima, zisitozwe pango. Na uzungumze na mwenzako wa Fedha ili mkazi wa shamba kama hilo asamehewe kodi ya uhamisho.

Najua utaniuliza kuhusu wajanja. Wapo. Huko New Jersey, Marekani, ekari 5 na mauzo ya dola 1,000 kwa mwaka hutosha kumpunguzia tajiri kodi ya ardhi inayozunguka jumba lake. Kwa hiyo ifungeni nafuu kwenye makazi: mkuu wa kijiji na halmashauri wathibitishe nani anaishi pale mwaka mzima. Mwenye banda la kupumzikia Pasaka kando ya Ziwa Mweru alipe.

Na kabla mtu hajatia saini kugeuza shamba lake, ofisi yako imwandikie, kwa Kibemba, au kwa Kiswahili kwa wanaokitumia huku mpakani, pango lake litakuwa kwacha ngapi kwa mwaka.

Wako,
Mkazi wa Kashikishi