Mtoto wa Balambala ahesabiwe yeye mwenyewe

Katika uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2015/16, maskini wa mashambani alikuwa mtu ambaye matumizi yake hayakufika shilingi 3,252 kwa mwezi. Familia ya wafugaji wa Balambala, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, yenye ngamia wa maziwa na mbuzi wa kupeleka soko la Garissa, yaweza kuuvuka mstari huo. Je, mtoto wao amevuka?

Huko Danyere, wadi ya Balambala iliyo mbali na mto Tana, pesa za mbuzi hazimpi mtoto maji ikiwa silanga limekauka na boza halijafika. Hazimletei mwalimu pia. Januari 2020 magaidi waliwaua walimu watatu huko Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka eneo la Kaskazini Mashariki. Watoto walibaki na madarasa yasiyo na wa kuwafundisha. Kaya haikupoteza hata shilingi siku hiyo, kwa hiyo hesabu ya matumizi haikuona kitu.

Hesabu hiyo pia hugawanya matumizi ya nyumba kana kwamba kila mmoja anapata fungu lake. Haimwoni msichana anayekosa shule kwa kuteka maji, wala kaka yake aliye malishoni na ngamia majuma mengi, akipitwa na masomo na chanjo.

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, linalijua hili. Ripoti yake ya 2020, iliyotumia takwimu zilezile za 2015/16, ilionyesha kuwa waliokuwa maskini kwa fedha ni asilimia 36.1 ya Wakenya. Ilipopima maji, elimu, lishe, makazi na mengineyo, maskini wakawa asilimia 53 hivi. Hata hivyo, mfumo wa kugawia kaunti fedha uliopitishwa na Seneti mwaka huohuo wa 2020 uliupa umaskini uzito wa asilimia 14, na umaskini wenyewe ukapimwa kwa kipimo cha fedha.

Kipimo kimoja, hata kiwe kizuri, hupotosha. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa Garissa ni asilimia 9 tu, ilhali Kilifi ni 37. Anayeishia hapo atasema Garissa ni salama. Lakini utafiti huohuo uliiweka Garissa miongoni mwa kaunti zilizo mkiani kwa chanjo za watoto.

Hatusemi pesa si kitu. Ukame ulioanza mwaka 2020 uliwamaliza mifugo na kuwaacha wengi mikono mitupu. Tunasema pesa peke yake haitoshi kuwa kipimo. Kifungu cha 53 cha Katiba kimeshataja haki za mtoto: elimu ya msingi, lishe, makazi na matibabu. KNBS na serikali ya kaunti wapime hayo, wakiongeza maji, mtoto kwa mtoto, wadi kwa wadi, ili Sankuri iliyo karibu na mji wa Garissa isiifunike Jarajara iliyo mbali. Wahesabu wawafuate wafugaji hadi malishoni.

Na wafanye haraka, ili hesabu hiyo ielekeze fedha kabla muda haujaisha. Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Kifungu cha 204 kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, itafikia kikomo mwaka 2030, Bunge lisipoiongezea muda.