Baridi Yetu, Joto la Kitale

Kitale mtu hahitaji kiyoyozi. Mji ule umekaa juu, kiasi cha mita 1,900 toka usawa wa bahari, karibu na Mlima Elgon, na usiku mgeni wa pwani huomba blanketi la pili. Bungoma ni chini zaidi, mita 1,400 hivi. Jua la mchana lachoma, lakini kivulini pana upepo. Hata hivyo, majuzi niliingia ofisi moja pale Bungoma, vioo vitupu, madirisha hayafunguki, na kiyoyozi changuruma asubuhi kweupe. Karani ndani amevaa sweta!

Msiwacheke watu wa bara, wasomaji wangu. Walimu wa jambo hili ni sisi. Vyombo hivi vimejaa Mombasa na Malindi, na kwa jamaa zetu walioko Maskati na Dubai, majumbani, madukani, na sasa misikitini. Wazee wetu walijenga kuta nene za matumbawe, dari za juu juu ya boriti za mikoko, ua katikati ya nyumba, na vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Upepo wa kusi ukivuma, nyumba yapumua. Leo twajenga masanduku ya simiti, kisha twaenda dukani kununua ubaridi.

Na ubaridi huo hauumbwi. Kiyoyozi hulitoa joto chumbani na kulimwaga nje, tena huongeza na joto la mtambo wenyewe. Katika Mji wa Kale, hiyo nje ni dirisha la jirani. Tuliosoma fiqhi chuoni twajua haki ya jirani ilivyo nzito, lakini sijasikia mtu aliyebisha hodi kuomba idhini kabla ya kufunga chombo chake.

Jirani wa mbali ni mkulima wa Kitale, ambaye unga wake ndio sima yetu. Mbegu zake zilizalishwa huko huko kwa nchi ya baridi: H611 ilitoka mwaka 1964, zikafuata nyingine kama H614, zinazokaa shambani miezi sita na zaidi zikingoja mvua ndefu. Joto likizidi na mvua zikipotea njia, mbegu ya namna hiyo haina pa kukimbilia. Mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliopimwa.

Umeme wetu wa Kenya ni afadhali, kwani mwingi watoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, ingawa mitambo ya mafuta ya Kipevu nayo huwashwa. Maskati huchoma gesi asilia. Lakini madhara makubwa kwetu yamo ndani ya chombo chenyewe. Kilo moja ya gesi iitwayo R-410A, ikivuja, hupasha dunia joto kama kiasi cha kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Wataalamu wasema yaweza kuepusha hadi nusu digrii ifikapo mwisho wa karne.

Sisemi mgonjwa hospitalini avumilie joto. Nasema juu ya fundi anayepanda ngazi kung'oa chombo kikuukuu, akafungua mrija, gesi ikatoka fyuu ikaenda zake. Mashine ya kuinyonya ipo. Mwenye nyumba hapendi kuilipia.