Mabati Yaliyoishia Redioni: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Taasisi ya Hisani

Ndugu Mkurugenzi,

Desemba 2023, kampuni inayoifadhili taasisi ya Mkurugenzi ilipotangaza kwamba ingewachangia waathirika wa maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, wananchi waligawanyika kama ilivyo kawaida yao: wapo waliopiga makofi, na wapo waliopiga hesabu ya faida ya mwaka wakasema kwamba kilichotolewa ni makombo. Siku chache baadaye ofisi ya Mkurugenzi ilitoa taarifa ya kusikitishwa na watu wasio na shukrani. Barua hii imeandikwa kwa niaba ya kundi la tatu, ambalo taarifa ile haikulitaja kabisa, nalo ni la watu waliokwisha kusaidiwa na kampuni hiyohiyo miaka saba kabla, kwa hotuba.

Hakuna haja ya kumsimulia Mkurugenzi habari za tetemeko lililoipiga Kagera Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kwa kuwa alifika Bukoba mwenyewe, akapita katika kata ya Hamugembe akiwa amevaa fulana yenye nembo ya kampuni, kisha akawakabidhi viongozi mfano wa hundi, yaani lile bango la kadibodi pana kuliko mlango, ambalo huandikwa kiasi cha fedha kwa tarakimu kubwa ili kamera isikose kitu. (Bango lile, kwa ukubwa wake, lingeweza angalau kuziba dirisha.) Kilichotangazwa siku ile hakikuwa na utata: mabati ya geji 28 kwa kaya zilizoorodheshwa na wenyeviti wa mitaa. Orodha ilisomwa kwa kipaza sauti, na jina la mwandishi wa barua hii lilikuwamo. Kaya hizo ziliombwa zisihangaike kuezeka upya kwa mabati yaliyokunjika, kwa sababu mapya yangefika kabla mvua hazijakolea. Hayakufika.

Nyumba ya mwandishi ilijengwa kwa tofali bichi, yaani tofali la udongo lililofyatuliwa na kukaushwa kwa jua bila kuchomwa tanuruni, kama zilivyo nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini katika mkoa ule. Tetemeko liling'oa kenchi, likaangusha ukuta mmoja na kuacha kuta tatu zimesimama zikiwa na nyufa ambazo fundi alizikagua, akasema kwamba zingepona iwapo lenta ingefungwa na paa kurudishwa mapema. Tofali bichi hustahimili uzito mkubwa likiwa kavu, lakini halistahimili maji, na Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Turubai lililofungwa juu ya kuta lilijaa maji katikati, likachanika, na maji yakaanza kushuka ndani ya ukuta kutoka juu: plasta ikavimba na kubanduka kwa vipande, kozi za juu zikalainika hadi kidole kikazama ndani ya tofali, na kabla mwaka haujaisha ukuta wa upande wa ziwa ukalala chini usiku mmoja, kisha wa pili ukafuata. Inafaa jambo hili lieleweke vizuri katika ofisi ya Mkurugenzi. Nyumba ile ilistahimili tetemeko, ikaja kuangushwa na mvua huku ikisubiri mabati yaliyotangazwa.

Huenda ofisi ikauliza kwa nini mwenye nyumba hakujitafutia bati mwenyewe, na swali hilo lina majibu ambayo wahisani hawapendi kuyasikia. Ndugu walioko Mwanza, ambao walikuwa wamekwisha kuanza kuchangishana, walisikia redioni kwamba familia za Hamugembe zimepatiwa mabati, wakaupeleka mchango wao kwa mjane mmoja wa Missenyi ambaye hakutajwa na mtu. Chama cha akiba na mikopo kiliamua, kwa haki kabisa, kuwapa kipaumbele wanachama wasio na mfadhili. Wagawaji wa vifaa vya ujenzi wa shirika jingine walipofika mtaani, walionyeshwa orodha ya kampuni, wakaruka majina yote yaliyokuwamo. Kwa hiyo tangazo lile halikukosa tu kuleta bati. Lilizuia pia bati ambalo lingetoka kwingine, na hapo ndipo watu wanaobishana kama kampuni imetoa kingi au kidogo wanapopitwa na jambo lenyewe. Kampuni ingenyamaza kimya, kuta zile tatu zingekuwa zimesimama.

Jibu pekee ambalo ofisi ya Mkurugenzi iliwahi kutoa, katika barua ya mistari minne, ni kwamba mchango "ulikwisha kuwasilishwa kwa mamlaka husika". Maana yake, kama ilivyokuja kubainika, ni kwamba mabati yaligeuzwa kuwa fedha na fedha zikaingizwa katika mfuko wa pamoja wa maafa. Mfuko huo ulikuwa na matatizo yake, na kila mkazi wa Kagera anaikumbuka ile akaunti ya pili iliyofunguliwa kwa jina linalofanana na la kamati ya maafa, ambayo iliwafanya maofisa wawili wapoteze nyadhifa zao mwezi uleule wa Septemba. Baadaye serikali iliamua kwamba michango ielekezwe kwenye shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma, na Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaeleza wakazi wa Bukoba waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Uamuzi huo uliwaumiza wengi, lakini unaweza kutetewa: shule ikianguka huanguka kwa watoto wa wote, na Serikali ya Uingereza ilipochangia ujenzi mpya wa Shule ya Sekondari Ihungo, majengo yalionekana kwa macho.

Kisichoweza kutetewa ni ukimya wa kampuni. Tangu siku ambayo mabati yaligeuka kuwa fedha, kulikuwa na watu walioishi chini ya turubai kwa kuamini orodha iliyosomwa mbele yao, na simu moja tu kwa mwenyekiti wa mtaa ingetosha kuwaambia wasisubiri. Kaya zile zingeuza mbuzi au zingekopa kwa riba, na kama hayo yangeshindikana zingerudishia yale mabati yaliyokunjika yaliyokuwa yamelundikwa uani, ambayo hayakuwa na uzuri wowote ila yalikuwa yakizuia maji. Kampuni iliyoweza kupata gari la matangazo, mpiga picha na fulana za wageni wote haikuweza kupata mtu wa kupiga simu hiyo.

Inafaa pia ikumbukwe kwamba ukarimu huu si wa kampuni peke yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 16, huruhusu michango ya hisani inayokidhi masharti ipunguzwe katika mapato yanayotozwa kodi, hadi kufikia asilimia 2 ya mapato ya biashara. Na kwa kuwa kodi ya makampuni ni asilimia 30, kila shilingi 100 inayopunguzwa hivyo huwa imebeba shilingi 30 ambazo zingeingia hazina. Mwananchi anayeuliza mchango umeishia wapi anauliza pia habari za fedha yake, na kumwita mtu huyo asiye na shukrani ni ujasiri wa aina yake. Wala lawama haiishii kwa taasisi moja. Vyombo vya habari huripoti makabidhiano na havirudi kuripoti mapokezi, viongozi hupokea bango bila kudai ratiba, kamati za maafa husoma orodha ya wahisani na kusahau orodha ya waliofikiwa, na mabenki, viwanda na makampuni ya simu hushindana kutangaza kiasi cha mchango kabla hayajajua ni nani atakayeupokea na kwa njia gani.

Mkurugenzi anaombwa, kwa heshima inayostahili cheo chake, atoe hadharani hati ya benki inayoonyesha ni kiasi gani kilichoingizwa mwaka 2016, tarehe gani na kwa maelekezo yapi, pamoja na jina na cheo cha mtu aliyeamua kwamba kaya zilizoorodheshwa zisiarifiwe. Anaombwa vilevile awaambie watu wa Katesh, kule Hanang, mapema na kwa maandishi yatakayobandikwa katika ofisi za vijiji na vitongoji, kama walichoahidiwa kitawafikia mikononi, kitaingia mfukoni mwa serikali au hakitafika, ili anayeweza kuezeka kwa nguvu zake aezeke sasa. Mwandishi hadai mabati, kwa kuwa kuta za kuyabeba hazipo tena. Anadai majibu, na picha nyingine ya makabidhiano haitahesabiwa kuwa jibu.