Mizani Haioni Ini

Miongoni mwa wakazi wa Kibera na Kawangware ingalipo imani kwamba kisukari ni maradhi ya wanene na wenye mali. Anayekwenda kwa miguu kila alfajiri hadi Industrial Area, suruali ikimlegea kiunoni, hujiona yu salama. Tena akizidi kukonda, majirani humshuku kifua kikuu au ukimwi, kisukari hakitajwi.

Imani hiyo ina msingi wake, kwa maana unene huongeza hatari kweli. Hata hivyo, mizani hupima uzito tu. Ini ni mojawapo ya maghala ya sukari mwilini. Mlo ukiwa wanga na sukari mfululizo, yaani chai tamu kwa mandazi asubuhi, chapati mchana, soda alasiri na ugali wa sembe usiku, kinachozidi mahitaji hugeuzwa mafuta, na baadhi yake husalia humo humo inini. Ini lililojaa mafuta haliitikii insulini ipasavyo. Huendelea kumwaga sukari katika damu hata pale linapotakiwa kuacha. Kongosho nayo hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi hadi ichoke. Isitoshe, wanadamu hawalingani katika nafasi ya kuhifadhi mafuta chini ya ngozi, ndiposa mwembamba mwenye kitambi kidogo aweza kuwa na ini bovu kuliko jirani yake mnene.

Njaa pia ina kisukari chake. Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua aina ya tano, inayowapata watu wembamba waliokosa lishe bora. Hiyo asili yake si mafuta ya ini bali upungufu wa insulini.

Utafiti uliofanyiwa Kibera na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wazima wapatao 5 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba takriban asilimia 88 ya Wakenya wazima hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja. Ni wembamba wangapi walio katika kundi hilo, wakijifariji kwa wembamba wao?

Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, kikiwamo kipimo cha sukari. Kifaa hicho kisisubiri mtu mnene. Apimwe kila aliyetimiza miaka 40, mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, mwenye kiu isiyokoma na kukojoa mara kwa mara, na hasa anayekonda bila sababu. Vibanzi vya kupimia visipopelekwa vya kutosha, kifaa chenyewe ni pambo. Walimu nao, wanapofundisha somo la insulini darasani, wasichore mgonjwa mnene peke yake ubaoni. Wanafunzi wao wengi wana wazazi wembamba nyumbani.