Kidonge cha maumivu si pembejeo

Wiki hii naomba tuyaweke kando mahindi na viwavijeshi, tuzungumze kuhusu kiuno chako na kile kidonge unachomeza asubuhi kabla ya kushika jembe.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitembea na karatasi ya diklofenaki kwenye begi la pikipiki. Barabara zetu mnazijua, na mgongo wa bwana shamba ni mgongo kama wa mtu mwingine. Januari ya mwaka juzi nilikuwa shambani kwa mzee mmoja, tunaangalia mahindi yaliyopauka kwa kukosa mbolea ya kukuzia. Akaniambia, "Bwana shamba, haya mahindi yatapona, ila kiuno ndicho kinaniua." Nikafungua begi, nikampa vidonge 10. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Sikumuuliza kama ana presha, na anayo, anameza dawa zake kila siku. Sikumuuliza kama aliwahi kusumbuliwa na vidonda vya tumbo. Ningekuwa nampa dawa ya kunyunyizia nyanya ningemuuliza maswali matano kabla ya kufungua kifuniko.

Kiuno kilitulia, palizi ikaenda vizuri. Vidonge vilipoisha akamtuma mjukuu dukani akanunua vingine, na vingine tena. Wiki ya tatu akaanza kupata choo cheusi kama lami. Akadhani ni mboga alizokula. Siku chache baadaye alianguka shambani kwa kizunguzungu, wakambeba kwa pikipiki hadi hospitali, na huko wakakuta tumbo linavuja damu kwa ndani. Aliongezewa damu, akapona. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Dawa yako ilikuwa nzuri sana, bwana shamba." Maneno hayo yalinikaa vibaya kuliko angenitukana.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia na kusikiliza, na ninachokiona ni kwamba huku vijijini dawa ya maumivu imegeuka kuwa pembejeo. Mtu anahesabu mbegu, mbolea, vibarua na vidonge. Kibarua anameza kabla ya kuingia shambani, kabla hata hajaumwa, ili asiumwe. Mama anayeuza ndizi sokoni anameza akirudi, maana siku nzima alikaa kwenye kigoda, kisha ana ndoo ya lita 20 inamsubiri, na hiyo ni kilo 20 juu ya shingo. Mimi nasema jambo hili ni baya na tulizoee vinginevyo, ingawa najua kwa nini lipo. Zahanati iko mbali, foleni ni ndefu, magugu hayasubiri, na kidonge ni shilingi 100.

Sasa tuone kidonge chenyewe kinafanya nini. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini zinazoleta uvimbe na maumivu. Tatizo ni kwamba kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo isichomwe na asidi, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizuia huku umezuia na kule. Ndiyo maana kula kwanza, chai na mandazi au ugali kamili, hakumalizi hatari ya vidonda. Dawa inaingia kwenye damu na inalifikia tumbo kwa njia ya damu. Kwa sababu hiyohiyo wanaokimbilia sindano wakidhani wamelikwepa tumbo wanajidanganya.

Kwa mkulima figo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mtu analima toka saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, jua kali, jasho linamtiririka, maji aliyokunywa ni kikombe kimoja. Hapo damu inayofika kwenye figo imeshapungua. Ongeza diklofenaki, na ongeza kwamba ana presha au kisukari bila kujua. Dawa hizi pia hupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Kwa hiyo yule mzee wangu alikuwa anabomoa kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine, na mimi ndiye niliyempa nyundo.

Wafugaji watanielewa kwa mfano huu. Kule India, Pakistan na Nepal tumbusi, wale ndege wala mizoga, walianza kufa kwa mamilioni miaka ya 1990. Mwaka 2004 watafiti walieleza sababu: ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki walikufa, tumbusi wakala mizoga, figo zao zikashindwa kazi. Mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu si tumbusi, figo zetu ni imara zaidi kuliko zao mbele ya dawa hii, na haina maana kwamba kidonge kimoja kitakuua. Lakini ni dawa yenye nguvu, haistahili kukaa rafu moja na viberiti na pipi.

Na hapo nawageukia wenye maduka. Najua wengi wenu mnanisoma, na najua faida ya karatasi moja ya vidonge ukiuza kimojakimoja. Lakini ukimkatia mtu vidonge viwili, maandishi na tarehe ya kuisha muda yanabaki kwako au yanakatika katikati, na yeye anaondoka hajui alichobeba. Kesho anaumwa kichwa, anakwenda duka jingine anapewa jina jingine, kumbe ni dawa ileile. Kuna vidonge vya mchanganyiko ambavyo ndani yake vina diklofenaki na parasetamoli pamoja. Mtu anameza hivyo, halafu anaongeza panadoli juu yake, na sasa ini nalo limeingia kwenye hesabu. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima hatakiwi kuzidisha vidonge 8 kwa saa 24, na mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu ni pungufu ya hapo. Duka la kawaida acha dawa kali kwa maduka ya dawa muhimu. Utaratibu wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hii hasa, kwamba kijijini awepo mtu aliyefundishwa kuuliza maswali kabla ya kupokea hela. Ukiuziwa bila kuulizwa chochote, jieleze mwenyewe: nina presha, nina kisukari, nina vidonda, ni mjamzito. Mjamzito asiguse diklofenaki wala ibuprofeni bila kuambiwa na mtaalamu, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo mibaya zaidi kwa mtoto.

Wafanyabiashara wa mazao nao wana lao. Lumbesa ile mnayoishindilia hadi gunia linavimba kama mjamzito anayekaribia kujifungua, mbali na kumwibia mkulima, inamvunja mtu mgongo. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na hizo 100 zenyewe kwa bega moja ni nyingi mno. Nimewaona vijana wa kupakia pale stendi wakimeza vidonge kabla gari halijafika. Umri wao ni miaka 25. Fungasha kilo 50, kijana atapanda ubao mara mbili na atarudi kwake amesimama wima.

Mtaniuliza, kwa hiyo tuumie tu? Hapana. Maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kazi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nzima hakusaidii, kunakaza mgongo zaidi. Endelea kutembea, fanya kazi nyepesi, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Dawa ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu kuliko ya kumeza, anzia hapo. Ikibidi kumeza, iwe kwa siku chache ulizoelekezwa, siyo msimu mzima, na usichanganye diklofenaki na ibuprofeni. Chukua dumu la maji shambani, unywe kabla kiu haijakubana.

Halafu angalia jembe lako. Kule California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani mwaka 1975 kwa sababu lilikuwa linawaharibu vibarua migongo. Sisi bado tunarithishana mipini iliyokatwa kwa kimo cha babu. Mpini mrefu wa kukuwezesha kupalilia ukiwa umeinama kidogo tu ni mti mmoja na nusu saa ya kazi. Badilisha kazi pia: saa moja kupalilia, kisha kuweka mbolea, kisha rudi.

Usisubiri nyumbani ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama mabaki ya kahawa, mkojo ukipungua sana au miguu na uso kuvimba. Vilevile kiuno kinachoambatana na ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa, au kukonda bila sababu. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama palizi imefika katikati.

Yule mzee bado analima ekari zake mbili. Mpini tulimtengenezea mpya, mrefu, na mwanzoni aliucheka akasema ni wa kuangulia maembe. Mimi begi langu sasa lina maji na biskuti. Alhamisi nitakuwa ofisi ya kijiji kuanzia saa 3 asubuhi kwa ajili ya kuonyesha namna ya kuunga mipini. Njooni na majembe yenu, na mwenye presha aje na dawa anazotumia zikiwa kwenye karatasi zake, mhudumu wa zahanati ameahidi kuwepo na kipimo.